Mezani Hakuna Kitufe

Mwezi Mei 2003, mhasibu mmoja wa miaka 27 kutoka jimbo la Tennessee, Marekani, aliingia katika kasino ya Binion's Horseshoe mjini Las Vegas kucheza shindano kuu la World Series of Poker. Kiingilio kilikuwa dola 10,000. Yeye hakukilipa, alikipata kwa kushinda mchujo wa mtandaoni ambao aliuingia kwa dola 86. Jina lake, na huu si utani wa mwandishi, ni Chris Moneymaker, yaani mchuma pesa. Poka yake yote ya mashindano alikuwa ameichezea mbele ya kioo cha kompyuta, na hakuwa amewahi kuketi kwenye shindano la ana kwa ana. Siku chache baadaye aliwaacha nyuma washindani 838, akiwamo mkongwe Sam Farha aliyebaki naye mwishoni, akaondoka na dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata waliojitokeza walifika 2,576, kisha 5,619 mwaka 2005, na 8,773 mwaka 2006. Wengi wao walitoka kulekule alikotoka yeye: chumbani, mbele ya kioo.

Tangu hapo, kila anayetoka mtandaoni kwenda kasino kwa mara ya kwanza huonywa kuhusu uso wake. Huambiwa avae miwani ya jua, ashushe kofia, akaushe sura, awe kauzu, kwa maana mezani kuna watu wanaosoma nyuso kama wengine wasomavyo gazeti. Hofu hiyo inaeleweka, lakini nadhani imeelekezwa pasipostahili. Kinachompotea mgeni yule anapovuka mlango wa kasino ni mashine. Kwa miaka yote aliyocheza nyumbani, kompyuta ilikuwa ikimfanyia kazi nyingi ambazo hakuwahi kuzihesabu kuwa ni kazi: ilimhesabia fedha, ilimshikia zamu, ilimkumbushia tabia za wapinzani, na ilimjazia muda. Usiku wake wa kwanza mezani ndio unaomwonyesha ni sehemu gani ya uhodari wake ilikuwa yake na ipi alikuwa ameazima. Na nguo ya kuazima, kama wasemavyo wahenga, haisitiri matako.

Tuanze na mikono, maana ndiko aibu ya kwanza inakotokea. Katika poka inayochezwa zaidi duniani, ile ya Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wazi hufunuliwa katikati ya meza kwa awamu, na kila awamu watu huweka dau, hufuata la mwenzao, hupandisha au hutupa karata zao na kujitoa; mzunguko huo mzima ndio duru moja. Mtandaoni, vitufe vya kufanya hayo havionekani mpaka zamu yako ifike. Ukitaka kupandisha dau chini ya kiwango, mashine inakataa. Fungu lililo katikati limeandikwa kwa tarakimu, na karata zako haziwezi kuchukuliwa kimakosa. Mezani hakuna kitufe. Kuna kete, yale mapande ya duara yanayosimama badala ya fedha, na kila rangi ina thamani yake. Tuseme dau la kufuata ni dola 2, na mgeni mwenye karata nzuri anatupa kete moja ya dola 25 bila kusema neno, akidhani amepandisha. Kwa kanuni ya kasino nyingi, kete moja kubwa iliyotupwa kimya ni kufuata tu. Atarudishiwa chenji, na kila mtu mezani amekwisha kujua alitaka kufanya nini. Au anaiga sinema: anasema anafuata, anatua kidogo, kisha anasema anapandisha. Neno la kwanza limeshamfunga. Akisogeza kete kwa mikupuo miwili bila kutaja kiasi, ule mkupuo wa pili hauhesabiwi. Akiacha karata zake bila kuzikinga kwa mkono au kwa kete, mgawa karata anaweza kuzizoa pamoja na zilizotupwa, na hapo kwa kawaida hana wa kumdai.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo madogo, ya kujifunza kwa jioni moja. Kweli, mengi yake hujifunzwa upesi. Lakini tazama yanatokana na nini: mtu aliyecheza duru laki moja hajawahi hata mara moja kuhesabu fungu la katikati kwa macho yake, kwa sababu hakuhitaji. Huku kwetu mzee aliyekulia barazani akicheza arubastini au wahidi wa sitini, asiyeijua poka kabisa, angeketi pale na kuheshimu zamu, kukinga karata na kuhesabu zilizokwisha kutoka bila kufundishwa. Bingwa wa mtandaoni anajua lini hesabu inamruhusu kufuata dau la dola 40, ila hesabu ile huanza na tarakimu aliyozoea kupewa. Sasa lazima aitafute mwenyewe, kwa macho, huku watu wanane wakimsubiri.

Kumbukumbu nayo hubaki nyumbani. Wachezaji makini wa mtandaoni wamezoea programu kama PokerTracker na Hold'em Manager, ambazo huhifadhi kila duru na kuonyesha, kando ya jina la mpinzani, asilimia ya duru anazoingia na mara ngapi hupandisha dau. Baadhi ya tovuti zimezipiga marufuku, lakini kizazi kizima cha wachezaji kilikua nazo. Mtu wa namna hiyo hujiona ni msomaji mzuri wa watu, na kwa kiasi fulani ni kweli. Ila alichokuwa akisoma ni jedwali lililoandikwa na mwingine. Mezani atakutana na mzee wa fulana ya maua ambaye hana asilimia yoyote juu ya kichwa chake. Kujua kwamba mzee huyo ameingia duru 3 tu katika saa moja, na zote alipandisha, kunataka mtu aliyekuwa anaangalia hata alipokwisha kutupa karata zake mwenyewe. Hapo ndipo wengi hutazama simu.

Na hapo tumefika kwenye jambo zito kuliko yote, ambalo ni muda. Meza ya kasino yenye mgawa karata wa kibinadamu hutoa duru 25 hadi 30 kwa saa. Meza ya mtandaoni hutoa zaidi ya mara mbili ya hizo, na mchezaji wa kawaida wa mtandaoni hafungui meza moja. Hufungua nne, wengine hata zaidi ya kumi. Tuseme meza nne, kila moja duru 70: ni duru 280 kwa saa. Mchezaji mwenye nidhamu huingia katika duru moja kwa kila tano hivi na kutupa zilizobaki. Nyumbani, basi, huwa na uamuzi wa maana karibu kila dakika. Kasinoni atasubiri dakika kumi. Jozi ya ree, karata bora kuliko zote za kuanzia, hupatikana kwa wastani mara moja katika duru 221. Kwa mwendo wa nyumbani ataiona kabla saa moja haijaisha. Kwa mwendo wa kasino ataiona baada ya saa saba na zaidi, na inawezekana usiku mzima upite bila kuiona. Hakuna kilichobadilika katika hesabu ya karata. Kilichobadilika ni kwamba subira aliyodhani anayo haikuwa subira. Alikuwa na shughuli tu. Ikifika saa ya tatu, karata ambazo nyumbani angezitupa bila kufikiri zinaanza kupendeza. Las Vegas wachezaji huletewa vinywaji vya bure, na sidhani kama ni kwa ajili ya kiu yao.

Muda unaleta hila nyingine, ya kimyakimya zaidi. Ili mchezaji ajue kama anashinda kwa akili au kwa bahati, anahitaji duru nyingi sana, makumi ya maelfu, kwa sababu karata chache zilizokaa vizuri zinaweza kumfanya mjinga aonekane hodari kwa wiki kadhaa. Kwa meza nne za mtandaoni, duru 100,000 huisha kwa saa 357 hivi, sawa na siku 45 za kazi ya saa nane. Kasinoni duru hizo hizo zinataka saa zaidi ya 3,300, siku 417 za namna hiyo. Usiku mmoja wa saa nane ni duru 240. Kwa hiyo anayeshinda usiku wake wa kwanza na kurudi akisema kasino ni rahisi, na anayepoteza na kurudi akisema walimsoma uso, wote wawili wanasimulia habari za duru 240.

Sasa nigeukie pingamizi kubwa, kwa sababu lina wenyewe. Mike Caro, mtaalamu wa poka wa Marekani, alichapisha mwaka 1984 kitabu kizima kuhusu dalili za mwili mezani, na wafuasi wake hadi leo huapa kwamba mwili husema. Sibishi kwamba mwili husema. Nabishia kiungo kinachosema. Mwaka 2013 jarida la Psychological Science lilichapisha utafiti wa Michael Slepian na wenzake, ambao waliwaonyesha watu vipande vifupi vya video za wachezaji wa World Series of Poker ya 2009 wakiweka dau, kisha wakawataka wakadirie ubora wa karata walizoshika wachezaji hao. Waliotazama nyuso peke yake walikisia vibaya kuliko kama wangerusha sarafu. Waliotazama mikono peke yake walikisia vizuri kuliko bahati. Ulaini wa mkono unaosukuma kete ndio uliobeba habari. Hilo linaturudisha kule tulikoanzia: mgeni wa mtandaoni hana mazoea ya kete, mkono wake unasitasita hata akiwa na karata nzuri, na miwani ya jua haimsaidii kitu.

Ushahidi wa pili umo katika fainali yenyewe ya 2003. Moneymaker alishika mfalme wa shupaza na saba ya kopa. Farha alikuwa na malkia wa shupaza na tisa ya kopa. Katikati kulikuwa na tisa, sita na nane za shupaza, mbili ya uru, na mwishoni tatu ya kopa. Farha alikuwa na jozi ya tisa. Moneymaker aliikosa shupaza ya tano aliyokuwa akiingoja, akabaki hana hata jozi, na hata hivyo akasukuma kete zake zote katikati. Kamera za mezani ziliwaonyesha baadaye watazamaji wa televisheni karata za siri za wote wawili, kwa hiyo dunia nzima iliuona mkwara ule isipokuwa mtu mmoja aliyepigwa. Tena Farha hakukosea kumsoma: alisema kwa sauti kwamba huenda mwenzake ameikosa shupaza yake. Alikisia sawasawa, akamtazama mgeni wa kasino aliyejificha nyuma ya miwani, kisha akatupa karata zilizokuwa zinashinda. Alikuwa ameujua ukweli, lakini dau lilikuwa kubwa mno kwake kuulipia. Mkwara ulifanya kazi kwa ukubwa wa dau na kwa namna duru ilivyokwenda tangu mwanzo, mambo ambayo Moneymaker aliyajifunza vizuri tu mtandaoni.

Kama bado kuna shaka kwamba mchezo wenyewe hauhitaji uso, tuikumbuke Libratus, programu iliyotengenezwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Januari 2017, katika Rivers Casino mjini Pittsburgh, ilicheza duru 120,000 kwa siku 20 dhidi ya wataalamu wanne, mmoja mmoja. Ilimaliza ikiwa mbele kwa kete za thamani ya zaidi ya dola milioni 1.7, ingawa hazikuwa fedha za kulipwa. Libratus haikuwa na macho, wala haikuwa na uso wa kukausha. Ilikuwa na hesabu, na haikuchoka. Kati ya hivyo viwili, mgeni wetu anakuja kasinoni na hesabu zake zikiwa salama. Kutochoka ndiko alikokuwa amekopeshwa.

Atatokea mwingine aulize: ikiwa kuikosa mashine ni hasara kubwa hivyo, mbona Moneymaker alishinda? Na mbona bingwa wa 2004, Greg Raymer, naye alifuzu kupitia mtandao? Jibu la swali la pili ni hesabu ya kawaida: watu wa mtandaoni wakijaa ukumbini kwa mamia na maelfu, si ajabu bingwa akatoka kwao. La kwanza linataka ukweli mchungu kidogo. Walipobaki watu kumi, Moneymaker alikuwa na ree na malkia dhidi ya jozi ya tisa ya mpinzani wake Phil Ivey. Katikati kulikuwa na malkia wawili na sita, kisha ikaanguka tisa nyingine, Ivey akawa na tisa tatu na malkia wawili. Kati ya karata 44 zilizobaki, ni 7 tu ambazo zingemwokoa mhasibu wetu, yaani nafasi moja kati ya sita hivi. Ikaja ree. Ivey akaenda nyumbani. Simuondolei Moneymaker sifa yake, maana ule mkwara dhidi ya Farha ulihitaji moyo. Lakini anayemchukua kama ushahidi kwamba kasino haina jipya kwa mtu wa mtandaoni anajenga nyumba juu ya karata moja.

Pingamizi la mwisho lina nguvu kuliko wanavyodhani mashabiki wa miwani. Wazoefu husema meza ndogo za kasino hujaa watalii na watu wa kujifurahisha, dhaifu kuliko wapinzani wa mtandaoni wa kiwango hicho hicho cha fedha, hivyo mgeni mwenye hesabu nzuri anapata faida. Nakubali kabisa. Ila faida hiyo ina makato yake. Mtandaoni mtu anaweza kuanza kwa dau la senti 1 na senti 2. Katika kasino nyingi za Las Vegas dau dogo huanzia dola 1 na dola 2, na kukaa na kete za dola 200 ni jambo la kawaida. Kasino hukata fungu lake katika duru nyingi, mgawa karata hutarajia bakshishi ya dola moja kila unaposhinda, na mashine haijawahi kuomba bakshishi. Halafu kuna nauli na chakula. Mtalii dhaifu yupo kweli, ila unakutana naye mara 30 kwa saa badala ya 280, na kila mkutano una ushuru.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi asiyejali poka anaweza kujiuliza haya yanamhusu nini. Wengi wetu tunaifahamu kamari kupitia simu: mikeka ya mpira, inayosukwa kwa sekunde na kuchanika kwa sekunde. Huko nako mashine ndiyo inayoshika kasi, na mchezaji huhesabu wepesi ule kuwa ni uamuzi wake. Wapo kati yetu ambao dini yao imeshamaliza mjadala huu kwa neno haramu, nami siandiki kuwabembeleza waingie mlango wowote. Lakini anayecheza angalau ajue ni nani hasa anayebonyeza.

Hata hivyo yupo mmoja ambaye mashine ilipomwacha hakuyumba. Annette Obrestad wa Norway alianza kucheza mtandaoni akiwa na miaka 15, umri alioubeba hadi kwenye jina lake la kuchezea, Annette_15. Mwaka 2007 alishinda shindano la mtandaoni la watu 180 huku amefunika karata zake mwenyewe kwenye kioo, akichungulia mara moja tu. Alicheza kwa kufuata nafasi yake mezani na mwenendo wa dau za wengine. Alikuwa amejiondolea msaada kwa hiari, kabla ya kasino kumwondolea. Septemba ya mwaka huo huo, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, alishinda World Series of Poker ya Ulaya mjini London, akawashinda washiriki 361 na kupata pauni milioni moja. Mtandaoni kioo hakikumzuia akiwa na miaka 15, na London sheria ilimruhusu akiwa na 18. Nevada umri wa kuketi kwenye meza ya kasino ni miaka 21, na bingwa huyo wa Ulaya hakuruhusiwa kucheza karata Las Vegas mpaka Septemba 2009.